Kutafuta Senetwet Katika Nchi ya Chai

MSOMAJI, bila shaka umewahi kuiona picha hii gazetini au kwenye televisheni. Mwanariadha amerudi kutoka ng'ambo na medali shingoni, anateremka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kabla hajawafikia hata waandishi wa habari anapokewa na akina mama wenye kibuyu kilichopambwa kwa shanga. Anakiinua, anapiga mafunda mawili matatu, anapangusa midomo, watu wanapiga vigelegele. Kilichomo kibuyuni ni mursik, maziwa yaliyogandishwa kwa njia ya Wakalenjin. Sasa, ukibahatika kumiminiwa kikombe chako mwenyewe, kitazame kwanza kabla ya kunywa. Utaona kwamba maziwa hayo si meupe pepepe. Yana rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na ndani yake huelea punje nyeusi kama vumbi la makaa.

Naam, ni vumbi la makaa hasa. Na makaa hayo hayatoki kwa mti wowote ule uliookotwa njiani. Wakipsigis wa Kericho na Bomet wanao mti wao wa kazi hiyo, nao huuita senetwet. Ni mmea wa porini wa jamii ya mikunde, yaani ni ndugu wa maharagwe yaliyo jikoni kwako, wa njugu, wa mkwaju na wa migunga ya nyika. Leo nakualika tuutafute mmea huu mahali pawili ambapo huenda hukudhani vina uhusiano: kwanza ndani ya makabati pale Nairobi, kisha kando ya barabara za nchi ya chai. Ukianza na barabara peke yake utapotea, nitakueleza ni kwa nini.

Mti Wenyewe

Senetwet ni kichaka kikubwa, mara nyingi cha kimo cha mtu na nusu au watu wawili, ingawa kikiachwa huweza kupita hapo. Jani lake ni refu na limegawanyika katika vijani vingi vilivyopangwa jozi jozi, kuanzia jozi 8 hadi 18, mithili ya unyoya. Maua yake ni ya manjano iliyokolea, nayo husimama wima katika mikungu kama mishumaa ya kanisani. Na kwenye ncha ya kila mshumaa kuna machipukizi yaliyofunikwa kwa magamba meusi ya hudhurungi, kana kwamba mshumaa umezimwa sasa hivi na utambi ungali umeungua. Hicho kichwa cheusi ndicho kitambulisho. Halafu kuna harufu. Sugua jani kidogo kwa vidole kisha unuse: wengine husema bisi, wengine husema njugu zilizokaangwa. Mimi naona ni njugu, tena zilizoungua kidogo.

Wewe wa mjini usiseme hujawahi kuwaona jamaa zake. Mjohoro ule uliopandwa kando ya barabara nyingi za miji yetu ni nduguye, ingawa asili yake ni Asia. Mwingajini wa pwani ni nduguye pia. Na sanamaki, yale majani makavu yauzwayo katika maduka ya dawa za Kiarabu kwa watu waliofunga choo, ni nduguye wa karibu. Jina lenyewe la Kilatini la ukoo huu, Senna, limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi sanamaki. (Senna na senetwet! Sikio hushawishika mara moja, lakini maneno mawili kufanana si hoja, kwa hiyo tuyaache hapo.)

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wa kilimo. Tumefundishwa darasani kwamba mimea ya jamii ya mikunde hurutubisha udongo kwa sababu mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewani. Ni kweli kwa maharagwe na kwa mimea mingine mingi ya jamii hiyo. Lakini ukoo wa Senna haufanyi hivyo. Ukiung'oa senetwet ukaichunguza mizizi, utatafuta vinundu mpaka uchoke.

Makabati ya Nairobi

Katika uwanja wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, karibu na pale familia zinapopanga foleni kuwaona nyoka, kuna jengo ambalo wageni wengi hulipita bila kujua. Ni Hebaria ya Afrika Mashariki. Hebaria ni maktaba, ila badala ya vitabu ina mimea iliyokaushwa. Hii yetu ilianza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo ina takriban sampuli milioni moja. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1971, iliongozwa na Bi. Christine Kabuye, Mwafrika wa kwanza kushika usukani huo.

Sampuli hutengenezwaje? Utacheka. Kifaa muhimu kuliko vyote ni gazeti. Mkusanyaji hukata tawi lenye maua, na likiwa na maganda ya mbegu ni bora zaidi, akalilaza vizuri katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, akazirundika kurasa hizo baina ya mbao mbili na kuzikaza kwa mikanda. Karatasi hunyonya maji. Baada ya siku kadhaa tawi huwa limekauka na kubapa kama chapati, kisha hubandikwa juu ya kadibodi nyeupe ambayo ukubwa wake unakaribia sana ukurasa wa jarida hili ulilolishika. Kwa hiyo usijidanganye kwamba makala haya yataishia kufunga nyama buchani. Yaweza yakabahatika kumkausha mmea wa msituni, na yakakaa naye miaka mingi.

Kwenye pembe ya kadibodi hiyo hubandikwa lebo, na hapo ndipo thamani yote ilipo. Lebo humtaja aliyechuma, namba yake, tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, na mazingira yalivyokuwa siku ile: kando ya mto, au ukingo wa msitu, au shamba lililoachwa. Mkusanyaji mwenye busara huandika pia rangi ya maua, kwa sababu manjano hukwajuka katika kabati, na huandika jina ambalo wenyeji waliutajia mmea huo. Bila lebo, sampuli ni nyasi kavu tu. Ikiwa na lebo, ni shahidi.

Ushahidi huo una kazi gani? Chukua jina. Senetwet uliingia katika vitabu vya wataalamu mwaka 1839, pale Georg Fresenius wa Frankfurt alipoueleza kutokana na mimea ambayo msafiri Eduard Rüppell alikuwa ameileta kutoka Uhabeshi. Akauita Cassia didymobotrya. Neno hilo la pili ni la Kigiriki na maana yake ni vichala pacha. Jina hilo likadumu karibu karne moja na nusu, na ndilo lililomo katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, sehemu iliyoandikwa na Brenan wa bustani ya Kew na kuchapishwa mwaka 1967. Halafu, mwaka 1982, wataalamu wawili, Irwin na Barneby, wakaugawa upya ukoo huo mkubwa wa Cassia, na mmea wetu ukaamka asubuhi ukiitwa Senna didymobotrya. Vitabu vya zamani vinasema hivi, vipya vinasema vile. Aliyebaki palepale ni yule aliyekauka juu ya kadibodi.

Majina ya nyumbani nayo yana mambo yake. Wakikuyu huuita mmea huu mwinu, Wajaluo owinu, Waluhya lubinu. Katika mwaka 1966 Glover, Stewart na Gwynne walichapisha orodha ndefu ya majina ya Kimaasai na ya Kipsigis ya mimea ya Afrika Mashariki, na miaka 10 baadaye Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu chake cha mimea ya dawa, ambacho hadi leo wanafunzi hugombea nakala zake. Kazi za namna hii husimama kwa sababu nyuma ya kila jina iko sampuli mahali fulani. La sivyo, mtu angesema "senetwet", mwingine akaelewa kichaka kingine chenye maua ya manjano, na dawa ya mmoja ikawa sumu ya mwenziwe.

Lebo Isemayo Kericho

Sasa tuingie kwenye fumbo nililokuahidi. Tuseme wewe ni mwanafunzi na umetumwa ukatafute mahali ambapo mimea ya Bomet ilichumwa hapo zamani. Utafungua makabati na utapekua lebo za miaka ya 1930, 1940 au 1950, na neno Bomet kama jina la wilaya hutaliona. Si kwamba hakuna aliyefika huko. Bomet ilipewa wilaya yake mwaka 1992. Kabla ya hapo yote ilikuwa Kericho, na kaunti tunazozijua leo zilianza kazi mwaka 2013. Mwaka 1949 mtaalamu wa Kiholanzi, Maas Geesteranus, alikusanya mimea katika msitu wa Mau kusini-magharibi, upande wa mashariki ya Sotik. Lebo zake zinatajwa katika vitabu chini ya wilaya ya Kericho. Sotik ya leo iko kaunti ya Bomet.

Kuna lingine. Kitabu kile kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, ambacho kilianza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 kikiwa kimeeleza aina zaidi ya 12,000, kiliigawa Kenya katika sehemu 7 kwa namba: K1 hadi K7. Mistari hiyo ilifuata mikoa ya kikoloni. Kericho wakati huo ilikuwa mkoa wa Nyanza, basi ikatiwa K5 pamoja na Kisumu na Kisii. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 Kericho ikahamia Bonde la Ufa, lakini wataalamu wa mimea hawakuhama. Kwao Kericho na Bomet bado ni K5. Mwanasiasa akisikia hivyo anaweza kuita mkutano wa waandishi wa habari, lakini kwa mimea ni nafuu kubwa: mpaka usiobadilika kila uchaguzi ndio unaomwezesha mtu kulinganisha ya jana na ya leo.

Siku hizi lebo nyingi za hebaria za dunia zimeingizwa katika kompyuta. Liko shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 2001, makao yake Copenhagen, linalokusanya takwimu hizo za viumbe hai na kuzitia katika ramani. Kila sampuli nukta moja. Ukiitazama ramani ya namna hiyo ya nchi yetu, kwa mmea wowote ule wa kawaida, utagundua kitu cha kuchekesha. Nukta hujipanga kama shanga kando ya barabara kuu. Je, mimea hupenda lami? La. Wakusanyaji ndio walikuwa na gari, na mvua ilikuwa inanyesha, na tawi lililo karibu na mlango wa gari lilitosha. Kwa hiyo ramani ya mimea ni ramani ya nyayo za waliochuma. Ndani ya mashamba makubwa ya chai, ambako mtu haingii bila ruhusa, na katika mabonde madogo yasiyo na njia, weupe wa karatasi hauna maana kwamba hakuna mmea.

Tena mmea wa kawaida una bahati mbaya ya pekee. Mkusanyaji aliyepanda Mau alitaka kurudi na kitu kisichojulikana, kitakachopewa jina jipya. Nani angepoteza gazeti kwa kichaka kilichoota nyuma ya kila nyumba? Ndiyo maana kitu adimu huwa na rekodi nzuri na kitu cha kila siku huweza kupotea taratibu bila mtu kuweka alama ya mwaka.

Tufunge Safari

Basi tuondoke Nairobi, ni kama kilomita 260 mpaka Kericho. Baada ya Nakuru tunapanda hadi Mau Summit, na hapo tunaiacha barabara ya Eldoret na kukata kushoto. Tunapita njia panda ya Londiani, hewa inazidi kuwa baridi, watoto wanaomba masweta. Ukifika Brooke, kabla tu ya mji wa Kericho, pazia linafunguka: chai pande zote mbili, imekatwa sawasawa kama zulia, kijani kinachong'aa mpaka macho yanauma. Ni kimo cha mita 2,000 hivi, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mara kwa mara huja na mawe ambayo huchana majani ya chai na kuwatia wakulima hasara. Makampuni makubwa ya Kiingereza yalianza kupanda hapa katika miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakafuata kwa wingi baada ya shirika la KTDA kuanzishwa mwaka 1964.

Ni nchi nzuri, hakuna ubishi. Lakini mtafutaji wa senetwet, akilitazama zulia hilo, hushusha pumzi. Kwani lebo za hebaria na vitabu vinasema nini kuhusu makao yake? Kingo. Kando ya mito, ukingo wa msitu, mashamba yaliyolala, mahame, pembeni mwa njia. Senetwet haukai msituni kwenye giza, wala haukai katikati ya shamba linalopaliliwa. Hukaa palipo na mwanga na pasipo na jembe. Na zulia la chai, kwa tabia yake, halipendi kingo. Chai hufika barabarani. Pale inapokoma huanza mikalatusi ya kuni za viwandani, nayo mara nyingi huteremka mpaka majini, ingawa sheria inataka kingo za mito ziachwe. Hata mpaka wa msitu wenyewe ulipandwa chai sehemu nyingi: mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones, mikanda ya chai iliyokusudiwa kuzuia watu wasiingie msituni. Nia ilikuwa njema, na pengine msitu ulipona kwa hiyo. Ila ukingo ndio uliokuwa nyumba ya mwenzetu.

Tushuke kusini basi, barabara ya Litein. Mashamba makubwa yanaachia mashamba madogo, na hapo ndipo macho yafunguliwe. Tunavuka mto Chemosit. (Waambie watoto kwamba katika hadithi za Wakalenjin Chemosit ni zimwi la kutisha, nusu mtu, linalovizia usiku, watatulia kidogo huko nyuma ya gari.) Litein, Kapkatet, kisha Kaplong, pale barabara inapogawanyika, kulia kwenda Sotik na Kisii, kushoto kwenda Bomet. Tazama ua wa boma, tazama ukingo wa barabara pale katapila lilipokwangua udongo, tazama nyuma ya vibanda vya kukusanyia chai. Mishumaa ya manjano yenye utambi mweusi: ndiyo.

Lakini usikurupuke. Katika nyanda hizi za juu kuna mgeni kutoka Amerika, Senna septemtrionalis, mwenye maua ya manjano vilevile, na ameenea sana kando ya barabara. Mhesabu vijani: yeye ana jozi 3 hadi 5 tu, na ganda lake ni la mviringo kama kalamu, ilhali la senetwet ni bapa. Mchezo huu wa kuhesabu vijani utawashughulisha watoto kutoka Litein hadi Bomet, nawe utapata kuendesha kwa amani.

Ukisimama kwa dakika chache karibu na senetwet wenye maua siku ya jua, utasikia mngurumo. Ni nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa. Ua hili halina asali hata tone. Lina chavua tu, na chavua hiyo imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki hukumbatia ua na kutetemesha mwili wake kwa nguvu mpaka chavua ikamwagika kama chumvi. Na ukiona majani yametafunwa, tafuta kiwavi wa kijani. Huyo atakuja kuwa kipepeo mweupe wa aina ile inayohama kwa makundi makubwa.

Kibuyu

Katika masoko ya huku utamkuta mama mzee anayeuza vibuyu au mursik yenyewe. Msalimie kwa adabu, "Chamge, kogo," kwani kogo ni nyanya. Atakujibu "Chamge mising" na kukuchunguza kidogo kujua wewe ni mtoto wa nani. Muulize kazi ya mti ule, na usiwe na haraka.

Atakueleza kwamba matawi ya senetwet hukatwa, yakakaushwa vizuri, kisha ncha ikatiwa motoni mpaka iwe kaa jekundu. Kaa hilo huingizwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa, sotet, na kusagwa kwenye kuta zake kwa ufito wa mkindu uitwao sosiot, ambao ncha yake imepondwa ikawa kama brashi. (Katika kaunti ya Kericho kuna hata mji mdogo uitwao Sosiot.) Husugua, akazungusha, akasugua tena, mpaka ndani ya kibuyu pakawa pameng'aa kwa weusi. Vumbi la ziada hukung'utwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kibuyu kikafungwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa au hata majuma. Mkaa huo huyapa maziwa harufu, rangi na ladha, na wenyeji husema huyafanya yadumu. Wako wanaotumia mzeituni mwitu au muwati pale senetwet ulipokosekana. Mnywaji mzoefu, hata hivyo, atajua kwa funda la kwanza.

Ni haki pia kukuambia yale yasiyopendeza. Upande huu wa nchi, na hasa Bomet, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, imewahudumia kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wanasayansi waliipima mursik na kukuta ndani yake pombe kidogo na kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo inashukiwa kuchangia ugonjwa huo. Hayo hutokana na vijidudu vinavyochachusha maziwa. Hii si sababu ya kukikimbia kikombe cha ukarimu, ila ni sababu ya kutaka kujua zaidi, na hapo tunarudi kwenye kadibodi za Nairobi. Mtafiti yeyote anayetaka kupima kazi ya mkaa huu hana budi kuacha sampuli ya tawi alilotumia katika hebaria, ili kesho mwingine ahakikishe kwamba ulikuwa senetwet kweli wala si yule Mmarekani wa jozi 5.

Na jikoni kwako, tafadhali, majani yasiingie. Mmea huu ni sumu. Waganga wa kienyeji huutumia kuendesha tumbo na kutibu ukurutu, lakini wanajua kipimo, na hata wao hukosea. Kipimo kikizidi huua. Zamani watu waliutumia hata kuwalewesha samaki mtoni. Mkaa ni mkaa, jani ni jani.

Jambo la ajabu ni kwamba huku nyumbani tunahesabu kingo zinavyopungua, kwingineko wanaulaani. Senetwet ulipelekwa nchi nyingi kama ua la bustani, na ulipofika Afrika Kusini ukatoroka bustanini. Huko umetiwa katika orodha ya mimea vamizi, na watu hulipwa kuung'oa. Una mbegu nyingi na hauchagui sana udongo. Kwa hiyo tusilie kana kwamba unaangamia duniani. Unachoweza kupoteza ni mahali pake hapa, karibu na kibuyu, na kogo aliyezoea kutuma mtoto mtoni kukata tawi akajikuta analinunua sokoni likiwa limefungwa mafungu.

Kama una mwanafunzi nyumbani, mpe kazi ya likizo. Achague senetwet mmoja wa kijijini, aandike tarehe, jina la mto au barabara, kata, kaunti, kimo kama simu yake inaweza kukipima, na jina ambalo mzee wa hapo alimtajia. Akate tawi dogo lenye ua na ganda, alikaushe katika gazeti na vitabu vizito juu yake, huku akibadilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Anawe mikono baadaye. Ni lazima aandike kijiji, wala asiishie kwenye jina la kaunti peke yake, maana tumekwisha kuona jinsi majina makubwa yanavyohama.

Kutoka mji wa Bomet, usirudi kwa njia uliyojia. Shika barabara ya Narok, upitie Mulot na kuvuka mto Amala, ambao huko mbele huungana na Nyang'ores ukawa mto Mara. Ng'ambo ya daraja chai imekwisha, ni ngano na mahindi na anga kubwa. Kwa wenye hebaria umetoka K5 na kuingia K6, nchi ya Maasai, na kichaka kile kile hapa huitwa osenetoi. Ukiuona kando ya barabara kabla ya Ololulung'a, simama ukiwa bado na mwanga. Jua likizama vijani vyake hujikunja viwili viwili, na ukichelewa utaukuta umekwisha kulala.